Kurudi Kwenye Mji Usiokukumbuka

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, watu kutoka pande zote za dunia huja kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti kuwatazama nyumbu wakivuka Mto Mara. Wengi wao wana siku chache tu za kukaa, na kwa siku hizo hulipa fedha ambazo familia nyingi za kata ya Machochwe, jirani na mpaka wa hifadhi, hazizishiki kwa mwaka mzima. Machochwe kwenyewe wapo watu ambao wakipata siku mbili za kupumzika na nauli ya ziada, hawaelekei upande wa nyumbu. Mtu wa namna hiyo hupanda gari hadi Mugumu, akapita Nata na Butiama mpaka Makutano, na jioni anashuka stendi ya Bweri, Musoma. Hapo ndipo aliposoma sekondari, au alipofanya kazi, au alipopanga chumba enzi za ujana kabla hajarudi kuoa na kulima. Hana mgonjwa wa kumwona wala shauri mahakamani. Anakwenda kuuona mji. Atalala gesti, atatembea kutoka Nyasho hadi ufukweni Mwigobero, atakula sato kwa mama lishe asiyemjua, na Jumapili mchana atarudi Bweri kutafuta gari la kwao.

Mila zetu zina nafasi kubwa kwa mtu anayerudi kijijini. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na Watanzania waliliona jambo hilo kuwa la heshima lisilohitaji maelezo. Anayetoka Dar es Salaam kuja kuzika, kuoa au kujenga kwao, kila mtu anajua anafuata nini. Lakini anayetoka kijijini kurudi kwa siku mbili kwenye mji aliowahi kuishi, mji usio na kaburi la babu yake wala kiwanja chenye jina lake, hana maelezo yanayokubalika. Akiulizwa atasema anakwenda kubadilisha mazingira, na jibu hilo huwatosha wanaouliza kwa adabu. Mimi halinitoshi. Ninaliona swali hili kuwa la kifalsafa, na kwa mwenye dini la kiroho pia: mtu anatafuta nini anaporudi pale alipowahi kuwa na furaha, na je, anachokitafuta kinastahili kutafutwa? Ninaamini kinastahili, tena kwa sababu iliyo mbali na ile ambayo wengi wetu tungeitaja kwanza.

Maelezo ya kwanza ya kitaalamu yaliiona hamu hii ya kurudi kuwa ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, aliandika tasnifu kuhusu watu waliodhoofika kwa sababu ya kuwa mbali na kwao, na dawa aliyoitegemea kuliko nyingine ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1798, Immanuel Kant aliuchukua mfano huohuo wa Waswisi katika kitabu chake kuhusu tabia za binadamu, akaongeza jambo zito kuliko yote aliyoyasema Hofer. Mwenye hamu hiyo, alisema Kant, akifika kule alikokutamani hukuta kumebadilika, huvunjika moyo, na kule kuvunjika moyo ndiko kunakomponya. Sababu yake ni kwamba hakuwa akipatamani mahali. Alitamani ujana wake alioupitisha mahali hapo, na ujana haurudishwi na gari wala meli. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo ambayo mzee yeyote wa Machochwe angempa kijana kwa maneno yake mwenyewe. Inaeleza kwa nini wimbo fulani ukipigwa tunaukumbuka mtaa fulani. Inaeleza pia kwa nini watu wawili waliokaa mji mmoja kwa nyakati tofauti husimuliana kana kwamba kila mmoja alikaa mji wake.

Hata hivyo Kant, ambaye karibu maisha yake yote aliyapitisha Königsberg, alitazama kurudi kwa mara ya kwanza tu. Kama anachokitaka msafiri ni ujana, safari moja ingetosha kumponya. Angeshuka Bweri, angeona, angehuzunika, asingerudi tena. Lakini watu hurudi. Hurudi mara ya pili wakijua fika kwamba chumba walichopanga kina mpangaji mwingine, na mara ya tano wakijua kwamba nyumba yenyewe imebomolewa. Na mabadiliko ya Musoma si madogo kiasi kwamba mtu anaweza kujidanganya hayapo. Kulikuwa na wakati ambapo mji huu ulikuwa kituo cha meli zilizolizunguka Ziwa Viktoria chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa moja ya meli hizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mzunguko ule ukavunjika nayo. Kulikuwa na kiwanda cha nguo cha umma, MUTEX, kilichoajiri vijana kutoka kila pembe ya mkoa wa Mara. Kikasimama, kikabadilisha wamiliki. Hata samaki si walewale. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kiasi cha kuwafuta furu wa aina nyingi wasionekane tena. Mzee aliyekula furu Mwigobero akiwa mtoto hana hakika ya kuupata mlo ule leo hata akilipa mara kumi. Anayejua haya yote na bado anapanda gari hawezi kuwa anaufuata ujana wake. Yapo mengine anayoyafuata.

Ili kuyaona, hatuna budi kuangalia anakotoka. Machochwe ni kwa Wakurya na majirani zao Wangoreme, na kwa Wakurya, kama kwa jamii nyingine za Mara, mtu ni wa watu kabla ya kuwa wa nafsi yake. Ukitaja jina lako utaulizwa la baba yako, na la babu, na rika la tohara lako, ndipo mazungumzo yaanze. Watu wanajua ng'ombe wangapi walitoka kwenu kwa mahari ya mama yako na kama walitimia. Wanajua mpaka wa shamba uliowagombanisha babu zenu, na wazee wa inchama, lile baraza la siri, wanajua mengine ambayo hayasemwi mbele za watu. Kumbukumbu hii ni hazina, na sitaki kuidharau hata kidogo: yatima anapata kwao kwa sababu watu wanakumbuka yeye ni wa nani, na anayetenda ubaya anajizuia kwa sababu watu hawatasahau. Lakini aliyezaliwa ndani yake hapati nafasi ya kuona dunia inakuwaje asipokuwepo. Hata akifa kijiji kitaendelea kumhesabu katika ugomvi na katika baraka. Musoma ilimpokea kwa namna nyingine. Mwenye nyumba aliuliza kodi ya miezi mingapi, basi. Kazini alipimwa kwa kazi. Kwa mara ya kwanza alikuwa mtu asiyekuja na hadithi nyuma yake, na aliyoyapenda pale aliyapenda kwa macho yake mwenyewe: harufu ya dagaa asubuhi, upepo wa ziwa saa kumi jioni, mawe makubwa yaliyorundikana vilimani.

Anaporudi, mji huo haumkumbuki. Hapa ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Anapita mtaa alioujua nyumba kwa nyumba na hakuna anayegeuka. Duka alilokopa sukari lina kijana aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka. Kule Mwigobero, asubuhi iliyofuata usiku wa giza, mitumbwi inaingia kama ilivyoingia siku zote, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa na taa haishindani na mbalamwezi. Akina mama wanapatana bei za ndoo, wanabeba, wanaanika, wanawafukuza kunguru. Taa zenyewe zimebadilika: karabai za mafuta zimeachia nafasi taa za betri na sola. Kazi haijabadilika, na haimhitaji yeye. Anasimama pembeni akiangalia jambo analolipenda likienda vizuri bila yeye, na anagundua kwamba halimchukizi. Ninasema hiki ndicho anachokifuata, ajue au asijue: kuona kwa macho kwamba dunia ni kamili pasipo yeye, na kuendelea kuipenda. Dini zote mbili kubwa za nchi yetu humtaka mtu afikie hali hiyo ya moyo kabla ya kufa. Ni wachache wanaofundishwa namna ya kuifikia.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyefundisha Makerere, alitupa mwaka 1969 maneno ya kulifikiria jambo hili, akiyachota kwenye Kiswahili chetu. Aliandika kwamba katika fikra za Kiafrika mtu aliyekufa anabaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumjua akishaondoka, marehemu huyo anazama katika Zamani, bahari ya wakati ambamo hakuna jina moja moja tena. Wapo wanafalsafa waliompinga Mbiti vikali, hasa aliposema kwamba Waafrika hawana wakati ujao wa mbali, na nadhani katika hilo walikuwa na haki. Sehemu ya Sasa na Zamani imebaki imara, kwa sababu inasema jambo ambalo kila ukoo unalijua. Nami naiongezea hili: kijiji kinatuahidi Sasa ndefu, na kwa ahadi hiyo kinatukinga tusilitazame Zamani mpaka liwe limetufikia. Mji wa zamani hauna ahadi hiyo. Mtu aliyeondoka Musoma miaka 30 iliyopita, mitaani mle ameshazama katika Zamani akiwa hai, ana afya, na anashika kikombe cha chai. Amepewa nafasi ya kukaa kwa siku mbili katika hali ambayo wengine wote wataingia wakiwa wamefumba macho. Mtu atasema kwamba matanga yanatufundisha hayo kila wiki. Sivyo. Matanga yanatufundisha kifo cha mwenzetu, na kwenye matanga kila mmoja ana kazi ya kufanya, awe wa kupasua kuni au wa kuteka maji. Anahitajika kuliko siku zote. Kutohitajika hakufundishwi pale.

Tena kurudi huku kusidhaniwe kuwa jambo la starehe. Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alisimulia katika maungamo yake namna alivyofiwa na rafiki kipenzi akiwa kijana katika mji wake huo. Macho yake yalimtafuta rafiki kila mahali yasimwone, na kila kona waliyopita pamoja ikageuka kuwa mateso, hata akaukimbia mji kwenda Karthago. Alikuwa na akili kuliko wengi wetu na hakustahimili. Sababu ni kwamba jeraha lilikuwa bichi, na kosa alilojihukumu nalo baadaye ni kwamba alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa. Anayerudi Musoma baada ya miaka mingi anapita kona zilezile zilizojaa wasiokuwepo: mwanafunzi mwenzake aliyezama ziwani, msichana aliyeolewa Kisumu, mwalimu aliyemtia moyo na ambaye hajui alizikwa wapi. Tofauti ni kwamba anakwenda kwa hiari, akijua atakachokikuta, na kwa muda ulio na mwisho. Uhuru huo wa kwenda na kuondoka ndio unaoufanya uchungu ule uvumilike mpaka ufundishe. Ndiyo maana ninaona siku mbili zinafaa. Wiki nzima angeanza kutafuta watu wa kumkumbuka, angewapigia simu marafiki wa kale mmoja mmoja, na mwisho angekuwa ameujenga upya mji wa kichwani mwake kwa nguvu.

Sasa nijibu pingamizi, nianze na lile la kale. Kuna wasemao kwamba kumbukumbu ya furaha ni mwongo, na Biblia iko upande wao. Katika kitabu cha Hesabu, wana wa Israeli wakiwa jangwani walililia Misri: samaki waliokula bure, matango, matikiti, vitunguu. Matofali na viboko hawakuvitaja. Mhubiri naye anamwonya mtu asiseme siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, na anaongeza kwamba hiyo si hekima. Ninalikubali onyo hilo lote. Anayesema Musoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa peponi amesahau foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya umma ya RTC, amesahau kitambaa kilichopatikana kwa kujuana, na amesahau mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipowafanya watu wafiche hata mali halali. Lakini tuangalie uongo huo unakaa wapi. Waisraeli waliiimba Misri wakiwa jangwani, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kwenda kuangalia. Kumbukumbu husema uongo kwa urahisi ikiwa mbali, na kijiji kilicho mbali na mji ni jangwa la kutosha kwa kazi hiyo. Akifika, msafiri anaiona njia ya mteremko ambayo kichwani mwake ilikuwa ndefu, na ni fupi. Anakumbuka hapo ndipo alipolala njaa mwezi mzima. Safari inaisahihisha kumbukumbu, kwa hiyo anayeogopa uongo wa mambo ya kale ana sababu ya kusafiri kuliko ya kukaa nyumbani.

Pingamizi la pili linaniumiza zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wenye haki ya kulitoa. Machochwe tembo huingia mashambani usiku, na familia hulala nje zikilinda mahindi kwa tochi na kelele. Sare za shule, dawa za ng'ombe, mbegu, vyote vinasubiri. Mwanamume anayechukua nauli kwenda kutazama mitumbwi wakati mkewe analinda shamba anafanya dhuluma, na falsafa yoyote itakayomtetea ni mbovu. Sina namna ya kulizunguka hilo, wala sitaki. Mwanamke mwenyewe, nadhani, ana haki kubwa zaidi ya safari hii na nafasi ndogo zaidi ya kuipata. Aliyesoma Musoma na kuolewa kijijini huulizwa maswali kumi pale mwanamume anapoulizwa moja. Lakini tusitoke hapo tukasema kwamba jambo lisilowezekana kwa wote kila wakati halina thamani. Uislamu umeiweka hija kuwa nguzo, na papo hapo ukaiwajibisha kwa mwenye uwezo peke yake: atakayeondoka ni yule aliyekwisha kuwaachia riziki wale anaowalea, na mwenye deni hulipa deni kwanza. Ukubwa wa ibada haukuipunguza haki ya watoto, na haki ya watoto haikuifuta ibada. Safari yetu hii ni ndogo mno ukiilinganisha na ile, ila utaratibu wake unaweza kufuatwa. Na kwa kweli watu maskini wamekuwa wakiufuata bila kufundishwa: mtu anakwenda Musoma kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kumpeleka mgonjwa, kazi inaisha Ijumaa, naye analala siku moja zaidi kwa ajili ya mji. Siku ile moja ya kuongeza ndiyo ninayoizungumzia, na sioni aibu kuitetea.

Pingamizi la tatu ni la moyo. Kama unaupenda mji ule, kwa nini uliondoka? Na kama uliondoka, si uwe mwaminifu kwa hapo ulipo? Anayeuliza hivi anaamini kwamba upendo wa mahali ni lazima uwe mmoja, kama vile mtu hawezi kuabudu miungu wawili. Historia ya Mtume Muhammad inamjibu vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Alipolazimika kuiacha Makka mwaka 622, imepokewa kwamba aliugeukia mji na kuueleza wazi mapenzi yake kwake. Miaka minane baadaye aliingia Makka akiwa mshindi, na hakuna mtu ambaye angemzuia kubaki. Answari, watu wa Madina waliompokea alipokuwa hana pa kwenda, walianza kunong'onezana kwa hofu kwamba sasa amefika kwao, atawaacha. Hakuwaacha. Alikaa Makka kwa muda mfupi, akapanga mambo ya mji, akarudi Madina, na huko ndiko alikofariki na kuzikwa mwaka 632. Mapenzi yake kwa mji wa kuzaliwa hayakupungua kwa kuondoka, na ahadi yake kwa mji uliompokea haikupungua kwa kupenda kwingine. Mtu wa Machochwe anayerudi shambani Jumapili jioni, akawakuta wanawe na ng'ombe wake, hajausaliti mji wala kijiji. Kuondoka kwa wakati ni sehemu ya heshima anayoutolea mji ule: hajauomba umrudishie chochote.

Lipo pingamizi moja ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu linaweka mpaka kwa yote niliyoyasema. Mtu anaweza kuniambia kwamba kumsifu anayekubali kusahaulika ni kuwapa wenye nguvu silaha. Katika wilaya ya Serengeti, ilimo Machochwe, wapo waliosahaulishwa kwa nguvu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951 na mipaka yake kurekebishwa mwaka 1959, na Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti yalipotangazwa mwaka 1994, ardhi ambazo Waikoma, Wanata, Wangoreme na wengine waliziishi, kuwinda na kutambikia zilibaki upande wa pili wa mpaka. Mwaka 2001 wakazi wa Nyamuma waliondolewa na nyumba zao zikachomwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kililipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo ikaona wametendewa isivyo haki na kupendekeza walipwe fidia. Je, nao waambiwe wajifunze kuipenda dunia isiyowahitaji? Hapana. Hoja yangu ilisimama tangu mwanzo juu ya mtu aliyeondoka mjini kwa miguu yake, ambaye njia ya kurudi iko wazi, na ambaye alichokipoteza kimechukuliwa na miaka, kama miaka inavyochukua cha kila mtu. Aliyeondolewa na moto hajasahauliwa na wakati. Kuna mtu aliyefanya uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli waliapa wasiisahau Yerusalemu, na zaburi yao imebaki katika vinywa vya waumini kwa karne nyingi kwa sababu kukataa kwao kusahau kulikuwa ni kudai haki.

Kwa hiyo hamu ya kurudi inahitaji kuulizwa kwanza ilitokana na nini, kabla ya kupewa ushauri wowote. Ya mwanafunzi wa zamani wa Musoma inatulizwa na nauli, gesti ya usiku mmoja na asubuhi ya kusimama Mwigobero bila kuitwa jina. Ya mzee wa Nyamuma haiwezi kutulizwa na safari ya mwisho wa juma hata akipewa gari la bure, kwa sababu anachokidai kina mdaiwa. Anachostahili ni kulipwa kile ambacho Tume ilisema alipwe, na kuruhusiwa kufika palipokuwa kwake bila kuomba kama mgeni. Baada ya hapo, kama ataamua kukaa pembeni na kutazama tu, hilo litakuwa lake kuamua.